Mbuzi Huyu Huyu

Ulimi wangu umeniponza mara nyingi, lakini mara moja tu ndio uliompandisha mume wangu jabali, na umri wake wa miaka sitini na kitu, upinde begani, kama bado yuko porini Tabora. Na kosa lenyewe neno moja. Si neno hata, ni kulirejea mara mbili.

Ilikuwa miaka ya tisini na kitu. Sisi tunakaa Sib, huku Oman, na ndugu yangu mwanamme, mdogo wangu, yuko Qurayyat, ana shamba la mitende karibu na wadi, bonde la mto mkavu, na mbuzi kumi na kitu. Siku hiyo nimekwenda kumtazama. Mwanangu wa kike nimemwacha Sib na mumewe, mimba ina miezi minane. Kabla ya hiyo alishapoteza mbili, kwa hiyo mie kula nilikuwa nakula, lakini chakula hakinishuki.

Basi nimesimama zizini, nasikia ndugu yangu anatoka ndani mbio. Yeye akitaharuki sauti yake inapanda, inakuwa nyembamba kama birika la chai linalotaka kuteremshwa. "Daaada! Simuuu! Wamempeleka khospitali, daaada!"

Mbele yangu kasimama beberu wa rangi ya tende, pembe moja imekwenda mashariki na moja magharibi, anatafuna ncha ya leso yangu. Nikamkamata pembe, nikasema kwa sauti, na ndugu yangu anasikia: "Ya Rabbi, mwanangu akitoka salama na kiumbe chake, nnaweka nadhiri kwako, namchinja mbuzi huyu huyu, nawalisha maskini na majirani."

Mwanangu akatoka salama. Mtoto wa kike, mwembamba kama mjusi, lakini mzima, na sauti ya dalali wa samaki. Nililia, nikacheka, nikapiga vigelegele mle mle khospitali mpaka nesi akanitoa nje.

Tukangoja arubaini ipite, tukatoka Sib gari mbili kwenda kuitimiza nadhiri. Mchinjaji mume wangu mwenyewe, kisu kakinoa tangu jana yake, kakifunga kwenye gazeti. Ndugu yangu kamtoa beberu kwa kamba. Mie nikamwendea nikambembeleza: "Njoo baba, njoo mwanangu, leo siku yako." Wallahi yule mbuzi alifahamu Kiswahili. Alinitazama mie, akalitazama gazeti, akaruka. Kamba ikamchubua ndugu yangu kiganja. Kufumba na kufumbua keshaupita ukuta, keshapita mitendeni, keshavuka wadi, yuko juu ya jabali anatutazama chini kama askari wa zamu.

Tulijaribu kila njia. Tulimpelekea majani mabichi. Tulimpelekea mbuzi jike mzuri, wakakaa wakatazamana, jike akarudi nyumbani peke yake. Mfanyakazi wa shamba alimpandia na wavu wa samaki, akarudi yeye ndiye aliyenaswa. Wiki ya tatu beberu kawa wa mwituni khasa: ukimwendea, hayupo, ukishuka chini, anatokeza pembe zake mbili, ile ya mashariki na ile ya magharibi.

Watu wakacheka, na mie nikacheka nao. Lakini nikirudi Sib, mjukuu wangu akipiga chafya moja tu, moyo unanikimbilia Qurayyat. Akikataa ziwa, namwona yule mbuzi. Nilikuwa nimemuahidi Mungu, Mungu katimiza upande wake, na mie upande wangu uko juu ya jabali unakula vijiti.

Nikampigia simu shekhe wetu. Yule shekhe mtu mwema, lakini baina ya neno na neno unaweza ukapika chai, ukanywa, ukaosha na kikombe.

"Bibi... ulisema mbuzi... au ulisema mbuzi huyu?"

"Nlisema huyu, shekhe."

"Huyu... mara moja?"

"Mara mbili. Huyu huyu."

Namsikia anapumua. "Ungesema mbuzi tu... ungechinja mbuzi yeyote, yakaisha. Lakini umemtaja. Sasa, angekufa mwenyewe... au angepotea pasipo uzembe wako... ungesamehewa. Amepotea?"

"Hajapotea, shekhe. Yuko juu pale, ananitazama."

"Basi mfuateni."

Mume wangu akaninyang'anya simu. "Na kama hashikiki, shekhe?"

"Mnyama wa kufugwa akitoroka... akawa hashikiki... hukumu yake ni ya mawindo. Unalitaja jina la Mungu, unamtupia mshale. Ukimkuta na roho, mchinje. Ukimkuta keshakufa kwa mshale wako, halali."

Shekhe alisema mshale kwa vile vitabu vyao vimeandika mshale. Angesema risasi, pengine nisingekuwa na haya ya kukuhadithieni. Lakini mume wangu lile neno lilimwingia. Simu kaiweka chini taratibu, kageuka, na macho yake yamekuwa ya kijana.

Lazima mfahamu, mie mwana wa mjini Unguja, nyama naijua ikishakuwa sufuriani. Yeye kazaliwa bara, Tabora, baba yake alikuwa na duka, na yeye dukani hakai, anashinda porini na wawindaji wa kule. Miaka thalathini ya ndoa yetu nimelishwa kisa cha paa wake wa kwanza. Anakisimulia kwa sauti ya chini, pole pole, kama anayemlaza mtoto: "Nilikaa siku mbili, mke wangu. Mbili! Sikohoi. Sijikuni. Paa hapatikani na mtu mwenye haraka. Paa anataka ufe kidogo." Nami kila siku namjibu, "Basi na ufe kidogo huko jikoni unipishe, nna wageni." Ofisini alikofanya kazi hapa Maskati miaka yote, hakuna aliyejua kama yule mzee wa mafaili anajua kushika upinde.

Akautengeneza mwenyewe. Jiti la mkunazi, kamba ya mshipi wa kuvulia kaisokota mara nne. Vyembe vya mishale kafuliwa na mfua vyuma sokoni Sib. Manyoya ya mishale, basi jogoo wangu alikuwa anapita uani akiwa mzuri kama bwana harusi, jioni nimemkuta hana mkia. "Umemfanya nini?" "Kachangia katika jambo la kheri."

Akawa anafanya mazoezi uani, anapiga gunia la pumba. Siku ya tatu mshale ukapita juu ya gunia, ukapita juu ya ukuta, ukaenda kusimama kwenye dishi la televisheni la jirani yetu Mwarabu. Yule bibi akatoka na chapati mkononi. "Ya jaara!" ananiita, yaani ewe jirani. "Mume wako anapigana na nani?" Nikamwambia, anapigana na mbuzi. Akatazama dishi, akatazama mshale, akasema, "Na mbuzi amekaa juu ya dishi langu?" Kwa wiki nzima akiniona tu analia kama mbuzi, "Meeee," nami namwitikia, mpaka ikawa ndiyo salamu yetu.

Ndugu yangu alikuwa na bunduki, akasema aitumie, tumalize. Lakini milima ile ina paa, na paa wa Oman ni marufuku kuwindwa. Mlinzi wa wanyama wa serikali alikuwa anakaa kijiji kile kile, jirani wa ndugu yangu. Kijana mrefu, na Kiswahili chake kakirithi kwa bibi yake, lakini karithi nusu. Alikuja mwenyewe, kasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mama, bunduki hapana. Bunduki lia, paa yote kimbia. Upinde sawa. Mbuzi yako, piga. Lakini mzee piga paa," akamwonyesha mume wangu kidole, "mimi funga mzee. Wallahi, mimi penda mzee, lakini funga."

"Mwanangu," mume wangu akamjibu, "paa na mbuzi nawajua tangu baba yako hajaoa."

"Sawa. Mimi kuja kaa karibu, tazama."

Siku ya kwanza tukaondoka baada ya sala ya alfajiri. Mie nikasema nakwenda. Mume wangu akasema hapana. Nikasema nadhiri ya nani? Akanipa chupa ya maji nibebe. "Lakini huko," akasema, "husemi."

"Sisemi."

"Humwigizi mtu wala mnyama."

"Simwigizi."

Tukapanda. Palikuwa na kijibwawa cha maji baina ya mawe, ndipo beberu anapokunywa. Mume wangu katuweka nyuma ya jiwe, kachukua mchanga kidogo, kauachia uanguke, anatazama upepo unakwenda wapi. Mlinzi kakaa juu zaidi. Basi kimya. Mie kukaa kimya sijafundishwa. Midomo inaniwasha. Namwona mume wangu midomo yake inakwenda, anavuta uradi bila ya tasbihi, kwa sababu tasbihi inalia. Jua likatoka, beberu akatokea, anashuka jiwe kwa jiwe. Akafika mbali kama kutoka hapa hadi msikitini. Akasimama. Akainua pua. Akanusa. Akapiga chafya kwa ghadhabu, akageuka, akaondoka moja kwa moja.

Mume wangu akanigeukia, ananusa na yeye. "Mke wangu. Umejifukiza udi?"

Sasa nifanyeje? Nakwenda kutimiza nadhiri ya Mungu, nende nanuka vumbi? Usiku wake nilizifukiza nguo zote, na leso, na ushungi, na nikajipaka halud, yale mafuta ya udi, nyuma ya masikio.

"Unanukia harusi!" anasema. "Mbuzi gani atakuja kwenye harusi? Mbuzi harusini anajua anakwenda kufanya nini!"

Juu ya jiwe mlinzi kafunga mdomo kwa kilemba, mabega yanamtikisika.

Siku ya pili nikakoga kwa maji matupu, nikavaa nguo ya ndugu yangu ya shambani, nikanuka zizi. Tukakaa. Nikasema moyoni, ya Rabbi, huyu mtoto umempa pumzi, nami nimekuahidi, nifungulie. Nikarejea maneno hayo hayo, na baadae sikuwa na maneno tena, nikawa nimekaa tu. Kitu kigeni. Nikasikia maji. Nikasikia nyuki. Umri wote ule sikuwahi kumsikia nyuki anayekwenda zake.

Wakaja paa. Watatu. Sikuwaona wakija, niliona tu wapo, kama wametoka ndani ya jiwe. Miguu kama vijiti vya kusukia ukili, macho meusi, wamejipaka wanja. Mdogo wao akaweka mdomo majini, nikaona maji yakimtetemeka kidevuni. Na nyuma yao, yule beberu wangu, pembe zake huku na huku, kama mjomba aliyekuja harusini hajaalikwa.

Upinde wa mume wangu ulikuwa umeshapanda. Kamba imevutwa nusu. Nikasema moyoni, haya sasa, haya bwana, mpige! Beberu kasimama ubavu, yuko wazi. Paa mmoja anapita mbele yake, anarudi, anapita. Nikautazama mkono wa mume wangu, hautetemeki hata kidogo. Nikamtazama usoni. Machozi yanamshuka, yanaingia ndevuni, na anatabasamu. Sijamwona vile hata siku aliyonioa.

Akauteremsha upinde. Taratibu, hata nyuki hakujua.

Wakanywa wakashiba, wakaondoka, na beberu nyuma yao. Mie nikapasuka. "Mbona hukupiga? Alikuwa wazi kama mlango!"

"Sikuwa na yakini," akasema. "Paa alikuwa anapita."

"Kidogo tu!"

"Kwa mshale hakuna kidogo." Akajifuta uso. "Nilidhani sitowaona tena hivi, mke wangu. Miaka arubaini. Alhamdulillahi."

Mlinzi akashuka, kaja kamshika mume wangu bega. Kisha akasema, "Mzee, leo mimi ogopa sana. Sasa mimi hapana ogopa." Siku ya tatu hakukaa juu ya jiwe tena. Alikaa pamoja na sisi, na tende zake katuletea.

Hiyo siku ya tatu upepo ulikuwa wetu. Jua limepanda kidogo, beberu akaja peke yake. Anashuka, anasimama, anasikiliza. Koo linaniwasha nilie kama mwana-mbuzi, najua ningemwigiza vizuri, angekuja mbio. Nikajiuma kidole. Akafika majini. Akainamisha kichwa. Hatua kumi na tano, hazizidi.

Mume wangu alikuwa keshavuta, sikuona alivuta saa ngapi. Nikaona midomo ikicheza. Kamba ikalia kama mtu anayekung'uta leso mbichi. Beberu akaruka juu, akaenda hatua nne, tano, magoti yakamwisha, akalala.

Pale mzee wangu alisahau umri. Kofia imeanguka, kiatu kimoja kimebaki majini, anakimbia na kisu. Akamkuta pumzi zipo, akamwelekeza kibla, akamchinja. Akarudi kukaa kwenye jiwe.

Mie nikamsimamia. "Ulipotupa mshale, ulisema Bismillahi?"

"Nlisema."

"Mbona sikusikia?"

"Nilimwambia Mungu, sikukwambia wewe."

"Useme ukweli, hii nadhiri!"

"Nimesema kwenye mshale, nimesema kwenye kisu, na kama unataka nakusemea na wewe: Bismillahi, hebu niache nipumue!"

Mlinzi akaketi chini kabisa kwa kucheka. Nami nikakaa, nikalia kilio kizuri, leso ya shambani imejaa machozi na mavi ya mbuzi. Nadhiri imetoka shingoni. Moyoni nikamuona mjukuu wangu anapiga chafya mara kumi na mie nimekaa raha mustarehe.

Tukampigia shekhe simu kutoka nyumbani kwa ndugu yangu. Akafurahi sana, furaha yake ikachukua dakika tano kutoka. "Mashaallah... Sasa gaweni, mpike... mlishe. Ila bibi... nadhiri hii, wewe usile."

"Sili, shekhe. Hata kidogo?"

"Hata kuonja chumvi. Wala unaowalisha nyumbani mwako... na wala mumeo."

Nikageuka kumtazama mume wangu. Alikuwa yuko uani na wanaume, anawasimulia, mikono imekaa kwenye upinde ambao hata hanao mkononi, "...paa anataka ufe kidogo..." Na tayari kashaagiza, wallahi nilimsikia kwa masikio yangu, ini liwekwe lake. Nikaenda nikamnong'oneza. Sijapata kuona mtu anabadilika vile. Alitizama sufuria, akanitazama mie.

"Na mchuzi?"

"Hata mchuzi."

"Wewe na huyu huyu yako!"

Nikapika pilau ya sufuria kubwa, na chumvi nilimwita ndugu yangu aionje, akaonja mara nne, kila mara anasema hana hakika. Wakaja majirani, wakaja wafanyakazi wa mashamba, wakaja wajane wa mtaani na watoto wao, ua ukajaa. Mwanangu kaletwa na mumewe kutoka Sib na yule mtoto, anapita mikono kwa mikono, kila mtu anamtazama na kusema ndiye huyu mwenye mbuzi. Harufu ya bizari imejaa mpaka wadini. Na mie na mume wangu tumekaa kwenye ngazi ya jikoni, sahani moja, mayai ya kukaanga na mkate.

Anakula yai, macho yako kwa watu. Kila mfupa unaofyonzwa yeye anameza mate. Mwisho hakuweza. Akamwita mlinzi, aliyekaa karibu, sahani imemjaa.

"Mwanangu. Vipi nyama?"

Yule kijana akatafuna. Akatafuna tena. Akatazama yai la mume wangu, akamtazama usoni, akaendelea kutafuna, taya zinakwenda kama za ngamia.

"Ngumu, mzee," akasema. "Wallahi ngumu. Kama ndara."

Mume wangu akashusha pumzi, akaegemea mlango, uso ukamnyooka. "Nilijua," akasema. "Mbuzi wa jabali lazima awe mgumu." Akachovya mkate kwenye yai langu, lake lilikuwa limekwisha.

Mlinzi alikwenda kuongeza sahani mara mbili. Nilimwona, na yeye aliniona kama nimemwona. Akaweka kidole mdomoni. Nami, kwa mara ya pili wiki ile, nikanyamaza.